Jina Moja, Vitanda Viwili

Nilikuwa nimeshakasirika kabla Mkaguzi Lwambano hajakalia kiti changu. Alipokikalia, akashika kile kijiti cha pembeni akakishusha kimo bila hata kuniomba, nikajua siku hiyo hatutaelewana.

"Fundi Namsifu, tusicheleweshane," alisema. "Leo Lindo linawashwa nchi nzima. Kisegeri haitakuwa ya mwisho."

Chumba cha seva cha Hospitali ya Kisegeri ni chembamba, baridi ya mashine imeongezwa juu ya baridi ya milima ya Upare, na kiti ni hicho kimoja. Basi mimi, mkuu wa kitengo cha mtandao, niliyeisimamisha ile seva kwa mikono yangu, nikainama juu ya bega la mgeni ili niandike kwenye kibodi yangu mwenyewe. Mganga Mkuu, Dokta Mbaga, alisimama mlangoni akijipapasa mifuko kama mtu aliyesahau funguo. Kibali alikuwa ameshakisaini kabla ya kuniita.

Nikaandika amri ya kusakinisha. Seva yetu ya Linux ikalivuta Lindo kutoka kwenye hazina ya programu ya Mamlaka ya Majina, ikakagua saini yake ya kielektroniki, ikaridhika nayo. Mistari ikateremka kwenye skrini, ikatulia. Mkaguzi alitaka niliwashe papo hapo. Mimi nikafungua kwanza faili la mipangilio, kwa sababu hata kidonge cha kichwa sikimezi bila kusoma karatasi yake.

Mengi yaliyokuwemo yalikuwa mazuri, na hilo nalo liliniudhi. Mashine za hospitali hazijui watu, zinajua namba. Kila kifaa kilichofungwa kitandani huuliza tena na tena: fulani yuko wapi? Seva ya majina, hii tuliyozoea kuiita DNS, hujibu kwa namba, na kwa namba hiyo kifaa hulifikia jalada la mgonjwa na maagizo ya daktari wake. Mtu mbaya akilijibu swali hilo kabla ya seva, kifaa kinamtii yeye. Katika hospitali moja ya mbali watu walikuwa wamekufa hivyo, pampu zao zikipokea maagizo ya daktari ambaye hakuwa daktari. Lindo lilikuja kusimama katikati, kukagua saini ya kila jibu na kutupa nje majibu ya uongo. Kazi hiyo niliitaka. Ningeifanya hata bila kuamriwa.

Kisha nikafika kwenye mstari uliosema: jina-moja-mtu-mmoja, lazima.

"Huu unafanya nini?" niliuliza.

"Kama unavyosomeka. Jina likionekana kwa watu wawili, Lindo linalizuia mpaka mmiliki halali ateuliwe. Na jina la marehemu halitumiki tena."

"Mkaguzi, huku Upareni mtoto hupewa jina la bibi yake. Bibi mwenyewe akiwa hai, amekaa pale pale anatazama."

"Sheria ya Jina inasema jina kamili ni la mtu mmoja."

"Sheria hiyo iliandikwa na watu wasio na bibi?"

Dokta Mbaga akakohoa. Nilijaribu kuubadilisha mstari ule, ukakataa. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo wa Mamlaka, na ufunguo wenyewe, kijidude cha ukubwa wa kiberiti, ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mgeni wetu.

"Basi tuliwashe katika hali ya kutazama," nilisema. "Liandike tu kile ambacho lingekizuia, lisizuie. Tusome kumbukumbu zake wiki moja, tujue linakosea wapi, kisha tuliachie. Hivi ndivyo kazi hii inavyofanywa na kila mtu mwenye akili."

"Wezi hawatakupa wiki."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo simu yake ilipolia. Sauti yake ikalainika ghafla. "Baba, umeamkaje? Kifaa chako kimelia leo? Hakijalia. Vizuri, baba. Usikivue ukienda kucheza mpira." Akairudisha simu mfukoni. "Mwanangu," alisema. "Ana kisukari tangu akiwa mdogo kabisa."

Nikaondoa mkono kwenye kibodi kwa ajili ya mtoto. Yeye akaendelea.

"Baba yangu mzazi alikuwa na pampu kama hiyo, Fundi. Mwizi mmoja akajisajili kwa jina lake, herufi kwa herufi, apate kuchukua dawa za mzee akauze. Pampu ya mzee ikauliza, ikapewa maagizo ya mwizi. Dozi ilikuwa kubwa mno. Tulimkuta kitandani asubuhi." Aliugusa ule mstari kwenye skrini kwa ukucha. "Huu unaouchukia niliuandika mimi."

Hilo likanizidishia hasira. Mtu akiwa mjinga unamfokea, mambo yanakwisha. Huyu alikuwa na kaburi la baba yake nyuma ya mstari wake.

"Fundi," alisema Dokta Mbaga kutoka mlangoni, "washa."

Nikawasha.

*

Kwa muda mfupi nilitaka kuamini kwamba nimejitia hofu bure. Kumbukumbu za Lindo zilianza kujaa, na niliyoyasoma yalinitisha. Kulikuwa na majibu ya uongo yakirushwa kwenye pampu zetu wakati ule ule, mengi, kutoka nje, na Lindo lilikuwa linayatupa moja moja. Mkaguzi hakusema "unaona", lakini alijiegemeza kwenye kiti changu kwa namna iliyosema hivyo.

Halafu ukatokea mstari mwekundu. Nakundwa Mrutu. Limezuiwa. Majibu tofauti kwa waulizaji tofauti.

Nililijua jina lile kabla sijamaliza kulisoma, kwa sababu majibu yale tofauti niliyapanga mimi. Wodi ya wanawake tulikuwa na Bi Nakundwa Mrutu, aliyewekewa kifaa cha kuuendesha moyo. Chumba cha watoto njiti tulikuwa na mjukuu wake, Nakundwa Mrutu, aliyezaliwa kabla ya wakati na kulazwa kwenye mashine ya kupumulia. Hospitali yetu ina wajina wa namna hiyo kila msimu, nami nilikuwa na njia yangu. Seva ilimtazama anayeuliza. Swali likitoka wodi ya wanawake lilijibiwa kwa namba ya bibi, likitoka kwa watoto lilijibiwa kwa namba ya mjukuu. Ilifanya kazi miaka mingi bila mtu kuumia. Lakini jina linalojibiwa hivi kwa huyu na vile kwa yule ndiyo alama hasa ya jina lililotiwa sumu, yaani lililoingiliwa na wezi, na Lindo lilikuwa limefundishwa alama hiyo.

Chini ya ule mstari mwekundu likatokea swali: Teua mmiliki halali. Asiyeteuliwa atasubiri uhakiki wa Mamlaka.

"Mteueni mtoto," alisema Mkaguzi. Alikuwa ameshalisoma. "Au baba yake ambadilishe jina. Mtoto mchanga anaruhusiwa, ni kuweka kidole gumba tu."

"Nikimteua mtoto, bibi anakuwa nani?"

"Anasubiri uhakiki."

"Moyo wake nao unasubiri uhakiki?"

"Basi zima Lindo," alisema, na safari hii alinigeukia. "Zima. Yale majibu ya uongo unayoyaona yaingie kwenye pampu za wagonjwa wako wote. Amua wewe."

Zamani ningekwenda kuingiza namba kwenye mashine kwa mkono, ikawa basi. Tangu ilipotungwa Sheria ya Jina, viwanda viliziba nafasi hiyo. Mashine isiyojua inamhudumia nani imeagizwa isimhudumie. Nikamwambia aufungue ule mstari kwa ufunguo wake. Akasema hana mamlaka hayo bila idhini ya makao makuu, akatoa simu kuwapigia, nami nikatoka mbio.

*

Wodi ya wanawake ndiyo ya kwanza kwenye korido. Bi Nakundwa alikuwa ameketi kitandani, kanga imefungwa kifuani juu ya nyaya, uso umepauka. Kifaa chake kilikuwa kimerudi kwenye mwendo wa chini kabisa, ule wa kumfanya mtu asife tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kompyuta?" Pumzi yake ilikuwa fupi. "Wanasema nimeiba jina. Mwambie huyo mkaguzi aje aniulize mwenyewe. Jina hili nililipewa na mama yake baba, naye hakuliokota njiani."

"Nimemwambia, mama."

"Na mwenzangu?"

Hakumwita mjukuu. Nikamwambia ninakwenda kumwona sasa hivi.

Chumba cha watoto kilikuwa na mlio. Mashine ya Nakundwa mdogo ilikuwa inawaka taa nyekundu, imesimama, haiguswi. Sista Elirehema, muuguzi mwenye mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi, alikuwa amemfunika mtoto barakoa ndogo, akiminya mfuko wa hewa kwa vidole. Aliminya, akaachia, akaminya. Kila alipoachia, kifua cha mtoto kilishuka, nami nikasubiri kipandishwe tena.

Pembeni alisimama Kangero Mrutu, baba wa mtoto, mwana wa yule bibi. Dokta Mbaga, aliyenitangulia, alikuwa amemshikisha kishikwambi. Kilikuwa na nafasi ya jina jipya na duara la kuweka kidole gumba. Nafasi ya jina ilikuwa tupu.

"Fundi," Kangero alisema, "nimeambiwa niandike jina lolote. Sina. Toka juzi namwita Mama, maana ana jina la mama yangu. Nikiandika jingine wanasema hili halitamrudia tena, wala mtoto mwingine wa ukoo hatapewa."

"Ndivyo sheria ilivyo," alisema Dokta Mbaga, akitazama sakafu.

"Sasa nifanye nini?"

Hapo hasira yangu ilifika mahali pabaya. Ilitaka kumwambia asibonyeze kamwe. Ilitaka akatae, tukatae wote, ukoo kwa ukoo, maana akibonyeza huyu leo, kesho atabonyeza mwingine, na baada ya muda mfupi wale wa Mamlaka watasema Lindo halina tatizo, mbona watu wa Upare hawalalamiki. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Kisha nikakitazama kile kifua kinachopandishwa na vidole vya mtu, nikaona kwamba hotuba ni yangu na pumzi ni ya mtoto. Sikuwa na haki ya kuzibadilishana.

"Sista, unaweza kuendelea?"

"Naweza," alisema bila kuinua macho. "Ila siyo siku nzima. Naye anachoka pia."

Nikamgeukia Kangero. "Sista akisema basi, bonyeza. Andika jina lolote, hata la mtaa. Usinisubiri, usiniulize mara ya pili. Umenielewa?"

Akaitikia kwa kichwa. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya lile duara, hakijaligusa.

Niliporudi kwenye korido maneno yake yalikuwa bado yananizunguka. Toka juzi namwita Mama. Kila baba wa milimani humwita hivyo binti aliyepewa jina la bibi yake, kwa heshima, ili asilitamke jina la mzazi wake kila saa akimkemea au akimlisha. Nikasimama katikati ya korido. Halafu nikaanza kukimbia.

*

Mkaguzi alikuwa bado kwenye kiti changu.

"Makao makuu wamekataa," alisema. "Baba abadilishe jina. Samahani, Fundi."

"Mwanao anaitwa nani?"

"Nini?"

"Yule uliyemwita Baba kwenye simu. Shuleni anaandikwa nani? Hospitali aliyopewa kifaa, wamemsajili kwa jina gani?"

Alifungua mdomo kunijibu, na jibu likamfikia yeye kabla ya kunifikia mimi. Niliona linavyomfikia.

"Hatumwiti kwa jina lake," alisema polepole. "Nyumbani hakuna anayemwita hivyo. Mke wangu hawezi, ni jina la mkwewe. Tangu siku ya kwanza ni Baba tu."

"Mkaguzi. Nani?"

"Lutangilo. Lutangilo Lwambano."

Nikainama juu ya bega lake tena, nikaandika amri fupi ya kuuliza, nikaweka jina. Lindo halikuchelewa. Limezuiwa. Mwenye jina amefariki.

Alisoma. Akasoma tena, kana kwamba mara ya pili lingebadilika. Huyu ndiye aliyekaa na mstari ule, akaupima, akauboresha, akautetea kwa wakubwa, na wakati wote huo mtoto wake alikuwa amelala chumba cha pili na jina la babu yake kwenye cheti. Hakuficha. Hakukumbuka kabisa. Heshima ilikuwa imelifunika jina lile vizuri mno hata yeye aliacha kuliona.

"Kwenu Njombe, aliko mwanao, wamewasha?" niliuliza.

"Wanawasha sasa hivi."

Akavua kamba shingoni. Yule ambaye hakuwa na mamlaka aliuchomeka ufunguo kwenye seva yangu, akafungua faili la mipangilio ya taifa, lile ambalo kila Lindo nchini hulisoma na kulitii, akaandika mstari mmoja wa msamaha. Ruhusu, Lutangilo Lwambano. Ilimchukua muda mfupi kuliko aliotumia kukishusha kiti.

"Na Nakundwa?" nilisema.

Hakunitazama. "Suala la Nakundwa lina taratibu zake. Nitaliandikia ripoti nzuri, nakuahidi."

Nimewahi kukasirika maishani, watu wanaonijua watakwambia. Lakini hasira ile ilikuwa nyingine, ilikuwa baridi na ilinyoosha kila kitu. Huko korido mashine ilikuwa inalia.

"Toka kwenye kiti changu."

Akanyanyuka. Sijui kwa nini alinitii, labda ni sauti. Nilikaa, na kabla hajatambua ninachofanya nikafuta mstari wake wote. Nikapanda juu mpaka kwenye ule mwingine, ambao sasa ulikuwa wazi kwa sababu ufunguo ulikuwa ndani. Jina-moja-mtu-mmoja. Nikalifuta neno lazima, nikaandika hapana. Mengine yote ya Lindo nikayaacha yalivyo, ukaguzi wa saini, utupaji wa majibu ya uongo, yote. Skrini ikaomba kidole cha mwenye ufunguo.

"Chomoa ukitaka," nilimwambia. "Ukichomoa hakuna kitakachohifadhiwa, mstari wangu wala wa mwanao. Na kiti hiki sitoki tena."

"Unajua unafungua nini." Aliunyoshea ufunguo mkono. "Huo ndio mlango uliomuua baba yangu."

"Najua."

Nilijua kweli. Wajina wangeruhusiwa, na mwizi mwenye subira angeweza kupita humo humo akijifanya wajina wa mgonjwa. Mtu fulani, siku fulani, katika hospitali isiyo na anayesoma kumbukumbu zake, angeweza kufa kwa sababu ya neno nililoandika. Bibi na mjukuu walikuwa wanakata roho kwa sababu ya neno aliloandika yeye. Nilichagua nikiwa nimeyaona yote mawili, na kama kuna siku nitaulizwa, nitajibu hivyo hivyo.

Mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo. Ungeweza kuuvuta. Simu yake ikaanza kulia mfukoni, naye hakuipokea, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kisha akaweka kidole gumba.

Nikaandika amri ya kuianzisha huduma upya. Ilizima, ikawaka. Kumbukumbu zikaanza tena kuteremka, na kwa muda hazikuwa na jina nililolitaka, nikawa nasoma huku nimeushikilia ukingo wa meza. Halafu likaja swali kutoka wodi ya wanawake. Nakundwa Mrutu yuko wapi? Likajibiwa. Nyuma yake likaja jingine, kutoka chumba cha watoto.

Ule mlio wa korido ukakatika.

Dokta Mbaga ndiye aliyekuja kutuambia. Sista Elirehema alikuwa amekaa sakafuni, vidole vimekakamaa, vinakandwa na mwenzake. Kangero alikuwa amekiweka kishikwambi kitandani, nafasi ya jina bado tupu. Kifaa cha bibi kilikuwa kimerudi kwenye mwendo wake, na kitu cha kwanza alichosema ni kuuliza kama mwenzake anapumua.

Mkaguzi alisikiliza yote hayo amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja. Aliuchomoa ufunguo, akauvaa, akatoka bila kuaga. Kwenye korido nikamsikia anapiga simu. "Baba," alisema. "Lutangilo. Ndiyo, ni wewe ninayekuita."

Mamlaka waliniandikia barua za vitisho, nikazijibu kwa lugha ambayo Dokta Mbaga aliikataa mara tatu. Neno langu bado limo kwenye faili, hawajathubutu kuliondoa. Wala wao hawajaja kunisaidia kuulinda ule mlango.

Mchana wa siku ile ile nilishika kijiti cha pembeni, nikakipandisha kiti mpaka kimo changu. Hasira ilikuwa haijaniisha na sikuitaka iishe. Swali likaja tena: Nakundwa Mrutu yuko wapi? Nikasoma limetoka kitanda gani, nikahakikisha, ndipo nikaliacha lipite.